Daktari akihama wodini akaenda kukalia kiti cha serikali, anamtibu nani? Stori ya David Satcher na pengo la kiafya

Mwaka 1943 hivi, kwenye shamba dogo nje ya mji wa Anniston, jimbo la Alabama kule Marekani, kuna mtoto wa miaka miwili alikuwa anakufa kwa kifaduro. Kifaduro kilishageuka nimonia, kifua kimejaa, anakohoa mpaka pumzi inakata. Wazazi wake ni watu weusi, shule walisoma kidogo tu, na hospitali za karibu hazikuwa za watu kama wao, ndo zama zile za ubaguzi wa kisheria. Daktari mweusi alikuwepo mmoja eneo lile, anaitwa Jackson, na siku yake ya mapumziko akafunga safari mpaka shambani, akakaa na yule mtoto, alafu kabla hajaondoka akawaambia wazazi ukweli kwamba haoni kama mtoto atamaliza wiki. Ila akamwonyesha mama namna ya kumsaidia kifua kifunguke na namna ya kushusha homa. Mtoto akapona.

Huyo mtoto ndo David Satcher, na baadaye alikuja kuwa daktari wa ngazi ya juu kabisa kwenye serikali ya Marekani. Mama yake alimsimulia hiyo stori tangu mdogo, na mwenyewe amekuwa akisema ndo iliyomfanya atake udaktari. Mimi naipenda kwa sababu nyingine. Kifaduro kinampata mtoto yeyote, bakteria hana habari na rangi ya mtu, ila kilichomweka yule mtoto kwenye hatari kubwa kuliko mtoto wa kizungu wa mji ule ule kilikuwa nje kabisa ya kifua chake: mlango wa hospitali, idadi ya madaktari, sheria ya jimbo. Dawa inatibu kifua. Huo mlango sasa nani anautibu? Hapo ndo kazi ya daktari wa afya ya jamii inapoanzia, na watu wengi hawaielewi kabisa, wanaona jamaa kasoma miaka yote ile alafu kaacha wagonjwa kaenda kuwa bosi wa mafaili.

Tuanze na neno lenyewe maana linatumika ovyo. Sio kila tofauti ya afya kati ya watu ni pengo la kiafya. Wazee wanakufa zaidi kuliko vijana, tofauti ipo na hakuna wa kumlaumu. Anayependa kuruka na parachuti atavunjika mguu mara nyingi kuliko anayekaa sebuleni, hiyo nayo kajitakia. Pengo linaloumiza vichwa vya watu wa afya ya jamii ni lile linalofuata mistari ambayo jamii yenyewe imeichora, yaani rangi, kipato, elimu, mahali unapoishi, na ambalo lingeweza kuzuilika kama watu wangetaka. Marekani mstari mkubwa kwenye takwimu ni rangi, kwa sababu za kihistoria ambazo kila mtu anazijua, ingawa umaskini na kuishi vijijini navyo vinakata vibaya.

Alafu kuna mtego hapa ambao hata wasomi wanauingia, wa kusema "aa hiyo ni jeni tu". Satcher alianzia hapo hapo kwenye jeni, aliisoma chembe hai mpaka akapata udaktari wa tiba na udaktari wa falsafa (PhD) kwa pamoja pale Case Western Reserve mwaka 1970, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivo chuoni hapo, na miaka ya 70 akaongoza kituo cha utafiti wa sikoseli Los Angeles. Sikoseli ni ya kurithi, hilo halibishaniwi, na kwa Marekani inawapata weusi zaidi. Lakini angalia kilichotokea 1986. Daktari mwingine mweusi, Marilyn Gaston, aliongoza jaribio la kuwapa watoto wadogo wenye sikoseli penisilini ya kunywa kila siku kama kinga, maana watoto hawa walikuwa wanauliwa na maambukizi ya ghafla ya bakteria, mtoto asubuhi anacheza jioni hayupo. Maambukizi yalipungua kwa asilimia 84, jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu ilikuwa dhambi kuendelea kumnyima nusu ya watoto dawa. Sasa penisilini ilikuwa madukani tangu miaka ya 1940. Jeni ilileta ugonjwa, ila vile vifo vingine vyote vya miaka arobaini katikati havikuletwa na jeni. Na ili dawa ifanye kazi lazima mtoto apimwe akizaliwa, kabla hajaugua, kwa hiyo ikabidi majimbo moja moja yaweke upimaji wa lazima kwa kila mtoto mchanga, kazi ambayo ilikuja kukamilika nchi nzima miaka ya 2000.

Haya, tuje kwenye hesabu, na hapa ukae vizuri maana ndo watu wanapodanganyana.

Chukua vifo vya watoto ambao hawajafika mwaka mmoja. Mwaka 1980 Marekani, kwenye kila watoto 1,000 weusi waliozaliwa walikufa kama 22, weupe kama 11. Ruka mpaka 2022, weusi karibu 11, weupe 4.5. Niambie pengo limepungua au limeongezeka? Ukitoa, 22 toa 11 unabaki na 11, alafu 11 toa 4.5 unabaki na 6.5, kwa hiyo pengo limeshuka kama asilimia 40, tupige makofi. Ukigawanya, 22 kwa 11 ni mara mbili, 11 kwa 4.5 ni karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo pengo limekua, tuone aibu. Hesabu zote mbili sahihi, data ile ile. Aliye madarakani atatoa, mpinzani wake atagawanya, na msomaji anabaki anaona wote waongo. Mtaalamu mwaminifu anakuonyesha zote mbili. Na kuna njia ya tatu ya kuziangalia ambayo mimi binafsi ndo inayonikaa kichwani: mtoto mweusi aliyezaliwa 2022 alikuwa na hatari ile ile aliyokuwa nayo mtoto mweupe wa 1980. Yupo nyuma miaka 42.

Kitu kingine kinachochanganya ni kwamba mafanikio yenyewe yanaweza kupanua pengo. Mwaka 1994 Marekani ilianza kampeni ya kuwaambia wazazi walaze watoto chali badala ya kifudifudi, kwa sababu ya vile vifo vya ghafla usingizini. Ushauri wa bure, hauhitaji dawa wala mashine, na ndani ya miaka kama kumi vile vifo vilishuka karibu nusu. Safi sana. Ila kwa watoto weusi vilishuka taratibu zaidi, kwa hiyo uwiano ukaishia mbaya kuliko mwanzo. Sigara hivo hivo. Januari 1964 daktari mkuu wa serikali wakati huo, Luther Terry, alitoa ripoti iliyosema wazi sigara inaleta kansa ya mapafu, wakati ule watu wazima zaidi ya 40 kwenye kila 100 walikuwa wanavuta, mwaka 2023 walikuwa kama 11. Ushindi mkubwa kuliko upasuaji wowote ule. Lakini waliotangulia kuacha ni waliosoma na wenye pesa, na sigara imebaki kama ugonjwa wa watu wa kipato cha chini. Habari nzuri inasafiri kama maji, inapita kwanza palipochimbwa mfereji.

Kuna daktari mmoja wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Julian Tudor Hart, aliliandika hili mwaka 1971 kwa ufupi ambao mpaka leo wanafunzi wanakaririshwa, kwamba huduma nzuri ya afya hupatikana kinyume na uhitaji wa watu, yaani palipo na wagonjwa wengi ndo huduma inapokuwa haba. Akaiita sheria ya kinyume.

Kwa hiyo mtu akikalia kiti cha afya ya jamii akaletewa ripoti kwamba wastani umepanda, swali lake linatakiwa liwe moja: wastani wa nani? Satcher alilibeba hili swali kila alipohamia, na ukifuatilia kazi zake utaona alikuwa anamwacha mgonjwa mmoja mmoja nyuma hatua kwa hatua, anakisogelea kinachowaumiza wengi. Mwaka 1982 akawa rais wa Meharry, chuo cha udaktari cha Nashville kilichoanzishwa 1876 ambacho kwa miongo mingi kilikuwa moja ya sehemu chache sana mtu mweusi angeweza kusomea udaktari. Kilikuwa na hali mbaya kifedha. Unaweza ukasema huko aliacha udaktari akawa mhasibu, lakini kumbuka yule Dokta Jackson, daktari mmoja kwa eneo zima. Watu kama yeye wanatoka wapi kama vyuo kama hivyo vikifungwa?

Mwaka 1993 akapewa CDC, yaani kituo cha taifa cha kudhibiti na kuzuia magonjwa kilichopo Atlanta, mweusi wa kwanza kukiongoza. Hapa niseme kidogo kuhusu chanjo maana ndo mfano mzuri kuliko yote wa pengo ambalo lilizibwa kweli.

Kati ya 1989 na 1991 Marekani ilipigwa na surua. Zaidi ya watu 55,000 waliugua na zaidi ya 120 walikufa, wengi watoto wadogo wa mijini, maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini. Chanjo ya surua ilikuwepo tangu 1963! Walipochunguza wakakuta kitu ambacho mtu akiwa ofisini hawezi kukiona. Wengi wa wale watoto walikuwa wanafika kwa daktari kama kawaida. Mama anakuja na mtoto, daktari anamwangalia, anaona chanjo bado, anamwambia bwana mimi hii chanjo ni ya kununua na bima yako hailipi, nenda kliniki ya serikali wanatoa bure. Mama anatoka pale, kliniki ya serikali iko mbali, siku nyingine, foleni nyingine, ruhusa nyingine kazini. Haendi. Sio kwamba anapuuza, ni kwamba ameshafika kwa daktari mara moja akarudishwa. Kwa hiyo 1993 bunge likapitisha sheria na 1994 mpango ukaanza, serikali inanunua chanjo yenyewe inampelekea daktari yule yule ambaye mtoto kashamzoea, achomwe hapo hapo. Mtoto harudishwi tena. Watoto wa miaka miwili waliokamilisha chanjo walitoka asilimia 55 mwaka 1992 wakafika 78 mwaka 1996, na lile pengo la chanjo ya surua kati ya weusi na weupe likasinyaa mpaka karibu kuisha. Mwaka 2000 surua ikatangazwa kwamba haisambai tena yenyewe ndani ya nchi. Ukiniuliza ni nini hasa kilichofanya kazi nitakwambia hakuna mzazi aliyelaumiwa, walibadilisha chupa ya chanjo inakaa wapi.

Ila kuna kitu chupa haiwezi kutatua, nacho ni imani ya watu. Mwaka 1932 idara ya afya ya umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi wa kaunti ya Macon, Alabama, jimbo lile lile alilozaliwa Satcher, 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo. Wakaambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Hawakutibiwa. Penisilini ikaja, ikathibitika inaponya kaswende, bado hawakupewa, lengo lilikuwa kuona ugonjwa unamfanya nini mtu mpaka kaburini. Iliendelea miaka 40 mpaka gazeti likaifichua 1972, na wakati huo iliyokuwa inaisimamia ni CDC. Yaani taasisi ile ile Satcher aliyokuja kuikalia. Mei 1997 ndo Rais Clinton aliomba radhi rasmi ikulu mbele ya wazee wachache waliokuwa bado hai, na mkuu wa CDC siku hiyo alikuwa ni yeye, mtoto wa Alabama. Watu wanapouliza kwa nini jamii fulani zinasitasita kuamini madaktari wa serikali, huwa wanauliza kama vile ni ujinga. Wale wazee hawakuwa na ujinga wowote, walidanganywa na watu wenye digrii.

Februari 1998 akaapishwa kuwa daktari mkuu wa serikali. Watu wanadhani hiki ni cheo cha waziri. Hamna. Hana hospitali, bajeti yake ni ndogo, haandiki sheria, anaongoza kikosi cha maafisa wa afya elfu kadhaa wanaovaa sare kama za jeshi la majini na kubwa alilo nalo ni mdomo. Na huo mdomo una hatari zake, aliyemtangulia, Joycelyn Elders, alifukuzwa Desemba 1994 kwa jibu moja tu kuhusu elimu ya ngono alilolitoa kwenye mkutano wa ukimwi, na kiti kikakaa zaidi ya miaka mitatu bila mtu aliyethibitishwa kwa sababu wanasiasa walikuwa wanakivutania. Satcher bahati yake alipewa na cheo cha naibu waziri kwa wakati mmoja, jambo lililowahi kutokea mara moja tu kabla yake, kwa hiyo angalau alikuwa na sehemu ya kusukuma.

Akautumia mdomo. Mwaka 1999 ikatoka ripoti ya kwanza kabisa ya daktari mkuu kuhusu afya ya akili, mwaka 2000 ya afya ya kinywa na meno, 2001 akarudi tena kwenye afya ya akili safari hii akiangalia rangi na utamaduni, kwamba watu wa jamii za wachache wanapata huduma kidogo na hafifu zaidi, mzigo wao unakuwa mzito kuliko ugonjwa wenyewe. Meno watu waliona kichekesho, daktari mkuu mzima anaongelea meno! Lakini meno ndo sehemu umaskini unapoonekana mtu akifungua tu mdomo, na mtoto mwenye jino linalouma hasikii chochote mwalimu anachosema.

Sasa kuna neno moja alilolisimamia ambalo mimi mwanzoni nilidhani ni siasa tu. Marekani huwa inaweka malengo ya afya ya miaka kumi kumi. Ule mpango wa kuelekea mwaka 2000 ulisema nchi "itapunguza" pengo la kiafya. Ule wa kuelekea 2010, uliozinduliwa Januari 2000 yeye akiwa kitini, ukasema "itaondoa". Mtu atasema maneno hayo. Subiri. Ukiingia ndani ya mpango wa zamani unakuta lengo la vifo vya watoto wachanga lilikuwa visizidi 7 kwa kila 1,000, alafu kuna mstari pembeni, kwa weusi visizidi 11. Yaani serikali ilikaa, ikapanga, ikaandika kwa wino kwamba ikifika mwaka 2000 tutakuwa tumefanikiwa hata kama mtoto mweusi anakufa zaidi. Hakuna aliyeandika vile kwa ubaya, walikuwa wanajaribu kuwa wakweli kuhusu kinachowezekana, ila ukishaweka lengo la chini kwa kundi fulani na pesa na bidii zinafuata hilo lengo la chini. Mpango mpya ukafuta ule mstari wa pembeni. Lengo likawa 4.5, kwa kila mtoto, bila koma.

Na mipaka ya kiti aliionja mapema. Aprili 1998, miezi miwili tu tangu aapishwe, yeye na waziri wa afya Donna Shalala walithibitisha kwamba kuwapa watu wanaojidunga madawa sindano safi kunapunguza maambukizi ya ukimwi na hakuongezi utumiaji wa madawa. Ukimwi wakati huo ulikuwa unawamaliza weusi kuliko kundi lolote. Sayansi ikasema ndiyo, ikulu ikakataa kutoa pesa ya shirikisho, siku hiyo hiyo, serikali ile ile iliyomteua. Mwaka 2007 yeye na wenzake wawili waliowahi kukalia kiti kile, mmoja wa enzi za Reagan na mwingine wa enzi za Bush mdogo, walikwenda bungeni kusema jinsi wanasiasa wanavyowaingilia. Vyama tofauti, malalamiko yale yale.

Ukitaka kuona pesa yenye sharti inavyofanya kazi rudi nyuma kidogo mpaka 1966. Bima ya wazee ya Medicare ilipoanza Julai mwaka huo, serikali ilisema hospitali yoyote inayobagua wagonjwa kwa rangi hailipwi hata senti. Basi. Hospitali zaidi ya elfu moja ambazo zilikuwa na wodi za weupe na za weusi, au hazipokei weusi kabisa, zilibadilika ndani ya miezi michache, kitu ambacho mahubiri ya miaka mia hayakuweza. Na wachumi waliokuja kuchimba data baadaye, hasa za Mississippi, wakakuta vifo vya watoto weusi waliovuka mwezi mmoja wa kwanza vilishuka ghafla, na vilivyoshuka ni vya kuhara na nimonia, vile vitu ambavyo mtoto akifikishwa hospitali kwa wakati anapona. Nimonia. Yule mtoto wa Anniston angezaliwa miaka 25 baadaye stori yake ingekuwa fupi na isiyo na mvuto, alipelekwa hospitali akalazwa akapona.

Na sio kila kitu kinaanzia juu. Jack Geiger, daktari mzungu, akiwa bado mwanafunzi mwaka 1957 alikwenda Pholela, Afrika Kusini, kujifunza kwa Sidney na Emily Kark, madaktari mke na mume waliokuwa wameanzisha kituo cha afya tangu 1940 ambacho kilikuwa kinahesabu kaya, kinalima bustani za mboga na kuchimba vyoo pamoja na kutibu. Akarudi na hilo wazo kwao, na 1967 kituo kikafunguliwa Mound Bayou, Mississippi. Watoto wanaletwa na utapiamlo. Madaktari wakaanza kuandika chakula kwenye karatasi ya dawa, maziwa kiasi hiki, nyama, mboga, maduka yanatoa na bili inakwenda kwenye bajeti ya famasi. Mkubwa mmoja akaja juu kwamba famasi ni ya dawa. Geiger akamjibu kwamba kwa jinsi yeye alivyosoma kwenye vitabu, dawa ya utapiamlo ni chakula. Leo vituo vya mtindo huo vinahudumia zaidi ya watu milioni 30 kwa mwaka Marekani, na miaka ya 90 aliyekuwa anaongoza idara ya serikali inayovifadhili ni yule yule Marilyn Gaston wa penisilini. Hawa watu walikuwa wanakutana kila kona.

Kuna pengo jingine limejificha ndani ya vifaa, na hili ndo limeibuka majuzi majuzi. Kile kimashine cha kubana kwenye kidole kinachosoma oksijeni kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na utafiti uliotoka Desemba 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa ambao mashine ilisoma kati ya 92 na 96, yaani hali inaridhisha, kipimo cha damu yenyewe kilikuta oksijeni iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya weusi, weupe ni asilimia 3.6. Katikati ya korona hiyo! Na figo ndo kali zaidi. Ile fomula ya kukadiria figo zinafanya kazi kiasi gani ilikuwa na kipengele, mgonjwa akiwa mweusi zidisha kwa 1.159. Sasa kuanza kuhesabiwa muda kwenye foleni ya kupandikizwa figo lazima jibu la fomula lishuke mpaka 20. Chukua watu wawili damu yao imetoa jibu la 18. Mweupe anaingia kwenye foleni leo. Mweusi, 18 mara 1.159, anasomeka karibu 20.9, anaambiwa bado figo zako ziko vizuri, nenda nyumbani. Hakuna aliyemchukia, ni kikokotoo. Mwaka 2021 ikaja fomula mpya isiyo na rangi, na kuanzia Januari 2023 vituo vya upandikizaji vikaamriwa kupitia upya mafaili, watu weusi zaidi ya 14,000 wakarudishiwa muda wao, kwa wastani wa miaka kama miwili kila mmoja.

Satcher alimaliza muda wake 2002, akarudi Atlanta, na 2005 yeye na wenzake wakachapisha hesabu moja ambayo haina maneno mengi. Waliuliza tu, kama weusi wangekuwa wanakufa kwa kiwango cha weupe, ni watu wangapi wasingekufa kwa mwaka? Jibu likaja 83,570. Gawanya kwa siku 365 unapata 229 kila siku. Na walipolinganisha mwaka 1960 na mwaka 2000 wakakuta uwiano haujasogea sana, pamoja na Medicare, pamoja na chanjo, pamoja na yote. Mwaka 2010 ulipofika serikali nayo ikafunga hesabu ya ule mpango wa "kuondoa", ikakuta kwa karibu asilimia 80 ya malengo pengo lipo vile vile, na kwa asilimia 13 nyingine limeongezeka.

Na zile namba za watoto nilizokupa mwanzo, hebu ziangalie tena. Weupe 4.5 mwaka 2022, ndo lengo lililowekwa kwa kila mtoto ifike 2010, walilifikia ila kwa kuchelewa. Weusi karibu 11. Ni ile 11 ya kwenye mstari wa pembeni, uliofutwa Januari 2000.